Na Mimi Nilikuwemo

Asia hakupiga hodi. Aliingia dukani mtandio umemkaa upande, akasubiri wateja wawili waliokuwa wakipapasa vitenge wamalize kuulizia bei, na walipotoka akaurudisha mlango na kuutia komeo. Nje ukungu wa Mbinga wa mwezi wa saba ulikuwa bado haujainuka, na watu walipita barabarani wamejikunyata ndani ya makoti.

"Mbona unanifungia, na wateja ndio kwanza wanaanza kutoka majumbani?" Sumaiya aliuliza huku akicheka.

"Kaa kwanza."

"Kuna nini? Kafa nani?"

"Hajafa mtu. Kaa, nakuomba."

Asia aliuza vyombo duka la jirani. Walikuwa wakiazimana chenji na kulindiana milango tangu wote wawili wangali wasichana, na Sumaiya hakukumbuka siku hata moja ambayo mwenzake huyo alikosa la kusema. Sasa alisimama ameishika simu kifuani kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba yai.

"Imetumwa kwenye lile kundi letu la wafanyabiashara," alisema. "Nimewasihi wafute. Wapo waliofuta. Nimeona heri uione kwangu kuliko kuoneshwa na mtu barabarani."

Ilikuwa video. Chumba kilionekana kutoka juu, kutoka pembeni karibu na dari. Palikuwa na kitanda, chandarua kimefungwa fundo, na beseni kubwa sakafuni. Ndani ya beseni palikuwa na kiti cha plastiki, na juu ya kiti alikaa bibi kizee, hana nguo, hana kitambaa kichwani, nywele zake chache nyeupe zimelala kwenye fuvu. Mkono wake wa kushoto ulilala mapajani kama kitu alichowekewa na mtu. Mwanamke mwingine alikuwa akimmwagia maji kwa kikombe huku akiimba kwa sauti ya chini. Na ukutani, nyuma yao, ilining'inia kalenda ya mwaka: SUMAIYA VITENGE NA KHANGA, MBINGA, na namba ya simu chini yake.

Sumaiya alitazama mpaka pale bibi yule alipoinua uso. Kisha akailaza simu kifudifudi juu ya kitambaa.

Alikuwa mama yake, Bi Kauthar. Aliletwa Mbinga na mume kutoka Kilwa akiwa bi harusi, na wasichana wa mji huu, mama na binti na mjukuu, walisomea Kurani barazani kwake. Kabla ya kiharusi, Bi Kauthar akisikia hodi alianza kuvuta ushungi, ndipo akaitika. Fundi wa bomba aliwahi kusubirishwa nje kwenye mvua hadi bibi apate soksi zake.

"Wameiona wengi?"

"Sijui."

"Asia."

"Wengi," Asia alisema, naye akaanza kulia.

Sumaiya hakulia. Alinyanyuka, akakunja kitenge kimoja ambacho wateja walikuwa wamekikunjua, akakipanga mahali pake, kisha akakikunjua na kukikunja tena.

*

Ndugu yake Abdulmajid alipokea simu akiwa kazini Dar es Salaam. Sumaiya hakuweza kumsimulia vizuri. Alisema tu, "Mama yumo mtandaoni. Mama hana nguo."

"Nani huingia chumbani kwa mama?" Abdulmajid aliuliza.

"Mimi na Ida."

"Ida ana simu ya kupiga picha?"

"Anayo."

"Basi unaniuliza nini? Kikulacho ki nguoni mwako, dada. Umemlea nyoka."

"Majidi, Ida ana miaka chungu nzima na sisi."

"Ndivyo wanavyokuwa. Watu wanalipwa kwa vitu hivi. Mpeleke polisi."

Polisi Sumaiya hakutaka. Kwenda polisi kulimaanisha kutoa simu mezani na kusema tazameni, na askari atazame, amwite mwenzake naye atazame, hata kama wote ni watu wema. Alishindwa kulifikiria jambo hilo mpaka mwisho.

Kamera haikumjia akilini. Ilikuwa pale juu ya kabati, kitu cheupe kidogo chenye taa ya kijani, na ilikuwa ya kwao wenyewe, tena ya mapenzi. Abdulmajid aliinunua Kariakoo baada ya mama yao kuanguka, akaituma kwa basi, na Placidi, fundi wa kompyuta wa pale karibu na soko, akaja kuifunga na kuiunganisha na intaneti ya nyumbani. Ilikuwa na spika. Mara nyingi asubuhi sauti ya Abdulmajid ilitoka ukutani: "Mama, shikamoo!" na Bi Kauthar, ambaye kiharusi kilimwachia maneno ya kuhesabika, aligeuza shingo taratibu akimtafuta mwanawe juu ya kabati, nusu ya mdomo ikitabasamu. Jambo kama hilo nani angelishuku? Sumaiya alilitazama kabati lenyewe. Simu ikiegeshwa pale juu, aliwaza, ingeona vile vile.

*

Alimkuta Ida akimlisha Bi Kauthar uji. Ida, mfanyakazi wao wa nyumbani, alikuwa mtu wa Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, mke wa mvuvi aitwaye Mansuetus. Nyumbani alikwenda kila mwisho wa mwezi na kurudi na samaki wa kukaushwa. Alikuwa na namna yake ya kulisha: alifungua mdomo wake mwenyewe kwanza, polepole, na bibi akaufuata.

"Toka nje kidogo," Sumaiya alisema.

"Tunamalizia, dada. Leo amekula vizuri."

"Nimesema toka."

Uani, Sumaiya alimwonesha ile video. Ida alishtuka, akaweka bakuli chini, akajifunika mdomo kwa mkono wenye uji.

"Yesu wangu. Nani kafanya hivi?"

"Mimi ndiye ninayekuuliza."

Ida hakuelewa mara moja. Alipoelewa, rangi ya uso wake ilibadilika. Hakupandisha sauti. "Dada, na mimi nimo humo," alisema. "Angalia. Na mimi nimo."

"Lete simu yako."

Ida akaitoa na kumpa. Sumaiya alizipekua picha amesimama pale pale juani. Mansuetus akiwa ameshika samaki mkubwa aina ya mbasa. Kwaya ya kanisani kwao imejipanga kwa sare. Bati jipya. Kisha Bi Kauthar, amevaa gauni la hariri, nusu ya uso ikicheka.

"Na hii je?"

"Ni ya Idi, dada. Wewe mwenyewe uliniambia nimpige, tumtumie kaka Majidi."

Ilikuwa kweli. Lakini Sumaiya siku hiyo alikuwa akitafuta mahali pa kuweka mzigo, na aliona mahali pamoja tu.

"Fungasha vitu vyako."

"Dada Sumaiya."

"Sitaki kusikia sauti yako. Umemvua nguo mama yangu mbele ya dunia. Mwanamke aliyekuombea dua ulipopoteza mimba, ukaja ukamfanya hivi! Fungasha."

Ida alisimama kwa muda, mikono imening'inia. Kisha akaingia, akatoka na begi lake, na Sumaiya akaliinamia na kulipekua pia, nguo moja moja, mlangoni, jirani wakiona. Mlikuwa na sabuni, kitabu cha nyimbo na viatu vya kanisani vilivyofungwa ndani ya mfuko.

"Niruhusu nimuage bibi," Ida alisema.

"Hapana."

Alipokuwa akitoka getini sauti ilisikika kutoka chumbani, nzito, ya mdomo usiofunguka wote. Lilikuwa moja kati ya yale maneno machache yaliyosalia. "Ida." Na tena, "Ida." Ida alisimama, akangoja kidogo. Sumaiya akafunga geti.

*

Siku zilizofuata zilikuwa za aibu ndogondogo, na aibu ndogo ndizo zinazochosha. Mteja mmoja aliingia, akatazama kalenda iliyotundikwa dukani, akamtazama Sumaiya, akatoka bila kuulizia kitu. Kijana mmoja alipiga simu kutoka namba asiyoijua, sauti za wenzake zikisikika nyuma. "Hallo, ni pale mnapoogesha wazee? Nina bibi yangu hapa." Wakacheka wote. Sumaiya alizishusha kalenda zote, za dukani na ya nyumbani, akazichana na kuzichoma uani, ingawa alijua kwamba ile iliyokuwa ndani ya simu za watu haiungui.

Nyumbani Bi Kauthar aligoma kula. Haikuwa jeuri. Alimtazama binti yake akija na kijiko, kisha akatazama mlango, akisubiri mwenye kijiko aje. Uji ulimtiririka kidevuni. Sumaiya aliacha duka mikononi mwa Asia, akajifunza kumgeuza mama yake, kumfuta, kumbadilisha. Alifanya kwa haraka na kwa woga, na mikono yake ilikuwa baridi.

"Ida," mama alisema.

"Ida hayupo, mama. Ni mimi. Ni Sumaiya."

"Ida."

Siku moja kijiko kilianguka mara ya tatu, na kitu ndani ya Sumaiya kikakatika. Alilipiga bakuli chini. "Kula basi!" alipiga kelele. "Unataka nini kwangu? Unataka na mimi nife? Huyo Ida wako amekuuza, unasikia? Amekuuza!" Kisha akaketi sakafuni katikati ya uji, kichwa wazi, gauni limepanda magotini, akalia kwa sauti kama mtoto, na mama yake akimtazama kutoka kitandani, mkono mmoja mzima ukitapatapa hewani kumfikia.

Haikupita wiki, Asia akaja tena. Safari hii alikuja nyumbani, akapiga hodi, na alipokaribishwa hakukaa.

"Kuna nyingine," alisema.

Sumaiya alijiona sakafuni. Alijiona kichwa wazi. Alijisikia akisema, "Unataka na mimi nife?" kwa sauti ambayo hakujua kuwa anayo. Mtu alikuwa ameandika chini yake maneno ya kuchekesha kuhusu mabinti wa siku hizi, na watu wameweka alama za kucheka na za kulaani, binti mbaya, Mungu atamlipa.

Lakini aibu ile haikumfikia kwa wakati huo. Lililomfikia kwanza lilikuwa jambo jingine, tena lilimjia polepole, kama baridi inayoingia kwa chini ya mlango. Siku ile chumbani hapakuwa na mtu. Walikuwa wawili tu, yeye na mama yake. Ida alikuwa ameshakwenda kwao.

Aliinua macho. Juu ya kabati taa ya kijani ilikuwa ikiwaka.

*

Placidi alipanda kwenye stuli, akaichomoa kamera, akaifuta vumbi kwa shati. Alikuwa kijana mstaarabu na hakuweza kumtazama Sumaiya usoni.

"Nieleze kama unavyomweleza mtoto," Sumaiya alisema.

"Mama, kamera hizi za bei nafuu zinatoka kiwandani na neno la siri moja. Yaani zote, maelfu na maelfu, mlango mmoja, ufunguo mmoja. Ukishaifunga unatakiwa ubadilishe, uweke lako. Usipobadilisha, mtu yeyote mwenye intaneti anaingia. Hahitaji kufika Mbinga. Wapo watu kazi yao ni hiyo, wanapita mtandaoni usiku na mchana wanajaribu milango. Ukifunguka wanatazama, wanarekodi, wanaweka huko kwenye mitandao yao. Halafu mtu wa huku akaona ile kalenda, akasema, ah, hawa ni wa kwetu."

"Kwa hiyo walikuwa wakitutazama."

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

Placidi aliizungusha kamera mikononi. "Tangu tulipoifunga, pengine."

Sumaiya alifikiria miezi yote hiyo. Alifikiria jinsi mama yake alivyokuwa akiigeuzia shingo ile taa na kuichekea.

"Nani alitakiwa kubadilisha?"

"Mimi nilimwambia kaka Majidi, kwa sababu ilikuwa kwenye simu yake. Akasema atabadilisha akipata nafasi. Sikumfuatilia. Ilinipasa nimfuatilie, mama. Au nije nikuambie hata wewe. Sikufanya hivyo."

Alipompigia Abdulmajid, alieleza yote kwa utulivu uliomshangaza yeye mwenyewe.

"Sasa dada, nani angejua?" Abdulmajid alisema. "Mtu anawaza ataingiliwa na wezi kwa kumtazama mama yake mgonjwa?"

"Placidi alikuambia."

"Nilikuwa na mambo mengi." Kisha, haraka haraka, "Nitabadilisha sasa hivi. Mwambie airudishe, nitaweka neno gumu. Itakuwa salama. Bila hiyo nitamwonaje mama?"

"Panda basi uje umwone," Sumaiya alisema, akakata.

*

Sumaiya alifika Liuli mchana, akiwa nyuma ya bodaboda kutoka Mbamba Bay, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Alikuwa na sukari na doti ya khanga ndani ya mfuko. Huku chini hapakuwa na ukungu wala makoti. Ziwa lilikuwa wazi na jua lilikuwa kali juu ya vichanja vya usipa, dagaa wa ziwa hilo. Aliwauliza vijana waliokuwa wakishona nyavu anapokaa Ida, mke wa Mansuetus.

"Ida yupi?" mmoja aliuliza. "Yule wa video?"

Sumaiya alitaka kusema hapana. "Ndiyo," alisema. "Huyo."

Alimkuta kwa mama yake mzazi, mwanamke mwembamba aitwaye Tadea, ambaye aliitikia shikamoo yake, akamtandikia mkeka, akamletea maji ya kunywa, akakaa pembeni bila kuuliza lolote. Ida alitoka nyuma ya nyumba na ungo wa usipa. Alipomwona aliutua ungo chini.

"Shikamoo, dada."

Sumaiya alishindwa kuitikia. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, kutoka Mbinga hadi Kingerikiti, kutoka Kingerikiti hadi ziwani, na sasa shikamoo moja imeyafuta yote.

"Nimekuja kukuomba radhi, Ida. Hukuwa wewe. Ilikuwa ile kamera. Ilikuwa wazi kwa kila mtu, na sisi hatukujua."

"Nimesikia. Dada Asia alinipigia."

"Nilikudhulumu. Nilikupekua begi mbele za watu. Sijui shetani gani aliniingia."

"Hakukuingia shetani," Ida alisema, akakaa kwenye ukingo wa mkeka. "Ulikuwa na uchungu wa mama yako. Hilo sikulaumu. Lakini nilikuambia, dada. Nilikuambia na mimi nimo."

"Nilisikia, ila hasira."

"Hukusikia. Mpaka leo hujasikia." Alisema taratibu, akitazama mikono yake yenye magamba ya samaki. "Pale kwenye beseni kulikuwa na wanawake wawili. Wewe ulimwona mmoja. Na mimi nilikuwemo, dada. Mabega wazi, khanga imeniloa imenishika mwilini, nimeinama. Mtu mzima akiogeshwa na wewe unaloa, utafanyaje? Hiyo ndiyo wanayoitazama vijana wa hapa. Mama yako hawamjui. Wananijua mimi. Mansuetus alioneshwa kwenye mnada wa samaki, mbele ya wenzake. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alichukua godoro akaenda kulala kambini kwao wavuvi, na hajarudi. Kwaya nimeacha mwenyewe, kwa sababu nikisimama pale mbele najua wanaona nini. Wewe umekuja kuniomba radhi kwa kuniita mwizi. Pole hujanipa."

Sumaiya alifungua mdomo. Lilikuwa neno dogo, neno ambalo watu hupeana kwa kujikwaa tu njiani, naye alikuwa amesafiri siku nzima bila kulibeba.

"Pole," alisema. "Pole, mdogo wangu."

"Ahsante."

Walikaa. Kuku mmoja alidonoa pembeni mwa ungo, Tadea akamfukuza. Hatimaye Sumaiya alisema lile lililokuwa limemleta hasa, na alipokuwa akilisema alijua kuwa ni haki yake Ida kulichukia.

"Mama hali chakula."

Ida aligeuka. "Hali kabisa?"

"Vijiko viwili, vitatu, kisha anatazama mlango. Anakuita. Tulimpeleka hospitali wakamtundikia maji, wakasema mwili wenyewe si mbaya, turudi naye tumlishe. Anakuita wewe, Ida."

Ida alijifunika uso kwa upande wa khanga na mabega yake yakatikisika. Tadea alisogea akamwekea mkono mgongoni.

"Siwezi," Ida alisema kutoka ndani ya khanga. "Nampenda, Mungu anajua, lakini chumba kile siwezi kukiingia. Hata hapa kwetu, dada, bafu letu la makuti, nikiingia kuoga naangalia juu. Najua hakuna kitu, ila naangalia. Najimwagia maji nimevaa nguo."

"Tumeitoa. Imevunjwa."

"Kwenu mmeitoa. Mimi huku bado ipo." Alijigusa kichwani.

Sumaiya aliinama. Ndipo alipofanya jambo ambalo baadaye alilijutia kuliko hata lile la begi, kwa kuwa hili alilifanya akiwa na akili timamu. Alitoa simu mfukoni.

"Basi nisaidie sauti tu. Ule wimbo unaomwimbia. Nikurekodi kidogo, nimsikilizishe wakati wa kumlisha. Sauti peke yake, uso haumo."

Ida aliitazama simu ile. Alirudi nyuma mkekani, taratibu, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta.

"Na sauti yangu nayo?" aliuliza.

"Mwanangu," Tadea alimwambia Sumaiya, kwa mara ya kwanza tangu amkaribishe. "Weka hicho kitu."

Akakiweka.

Hawakumfukuza. Alipewa ugali na samaki, akala, kwa kuwa kukataa kungekuwa tusi jingine. Sukari Tadea aliipokea. Khanga alimrudishia ndani ya mfuko ule ule, akasema, "Utamfunika nayo mama yako." Ida alimsindikiza mpaka njiani, wakasimama kusubiri bodaboda, na mwanamke mmoja aliyepita na ndoo kichwani aliwasalimia akitazama pembeni.

*

Aliporudi Mbinga alimkuta Asia ameketi kando ya kitanda na bakuli limepoa. Sumaiya alinawa mikono kwa maji ya moto mpaka ikapata joto, akachukua kijiko, akaketi.

"Ida," mama yake alisema. Macho yake yalikuwa yamefifia, yakimtazama yeye, au mtu aliye nyuma yake.

Sumaiya alimtazama Asia, kisha akamtazama mama.

"Abee, bibi," aliitika.

Akafungua mdomo wake mwenyewe kwanza, polepole. Bi Kauthar akaufuata. Asia alinyanyuka akatoka nje, maana hakuweza kuvumilia.

Kuanzia hapo, ndani ya chumba kile, Sumaiya hakuwa na jina lake. Aliitika jina la mwenzake asubuhi na jioni, na mama yake alikula, si sana, lakini alikula, kahawa ikavunwa na kuanikwa na kuuzwa, upepo ukageuka, mvua za kwanza zikaanza. Wakati mwingine, akimfuta uso, alijaribu kusema, "Mama, ni Sumaiya." Bibi alimtazama kwa adabu, kama mgeni anayesubiri kutambulishwa.

Alifariki siku ya Ijumaa, baada ya adhuhuri, mkono wake mzima ukiwa ndani ya kiganja cha binti yake. Abdulmajid alikuja na basi, akawahi kubeba jeneza. Baada ya mazishi aliingia chumbani peke yake, na Sumaiya alipopita mlangoni alimwona amesimama anatazama juu ya kabati, pale ukutani palipobaki matundu mawili ya skrubu. Matanga yalipokwisha alirudi Dar.

Sumaiya alimpigia Ida mwenyewe. Hakutaka asikie kwa watu.

"Bibi ametutoka," alisema.

Kule ziwani kulikuwa na upepo, na kwa muda Sumaiya alisikia upepo tu. Kisha akasikia pumzi ya mtu anayejizuia, na kisha Ida akashindwa kujizuia. Walilia pamoja kwenye simu, kila mmoja na yake.

"Nani alimwosha?" Ida aliuliza.

"Mimi na Asia, na mama mmoja wa msikitini."

"Mlifunga mlango?"

"Tulifunga."

"Na dirisha?"

"Dirisha tuliliziba kwa khanga. Ile ya kwako, niliyokuletea Liuli."

"Haya," Ida alisema. "Ahsante, dada."

Na simu ikakatika.